Mfuko Ambao Dobi Hakuukagua

Mume wa binti yangu ni dobi. Nalisema mapema mwenyewe, maana nimechoka kusemewa. Marehemu mume wangu alikuwa mkaguzi wa shule, mimi nilifundisha hadi nikastaafu, binti yetu ni muuguzi. Na kati ya wanaume wote waliojaa duniani, akamchagua mfua nguo. Siku alipokuja kwetu mara ya kwanza nilimtazama vidole, ngozi imekunjamana kama mtu aliyeopolewa majini, nikasema moyoni: haya, tutaona.

Ni mrefu, mkimya, mpole kupita kiasi, na mtu mpole kupita kiasi mimi humtazama mara mbili. Akiniamkia huinama mpaka nadhani ameangusha kitu. Nikimuuliza habari za kazi, husema, "Tunasukuma, mama." Anasukuma nini, kuelekea wapi, hilo hutalipata.

Kazi yake huifanyia nyumbani, chumba cha mbele. Kuna meza ndefu ya kupigia pasi, rafu za mbao, na nyuma ua wenye kamba za kuanikia. Kila mteja ana rangi yake: dobi humshonea uzi mfupi ndani ya kola au ukingoni mwa soksi, mwekundu wa kinyozi, wa kijani wa mwenye duka la dawa, ili nguo zisichanganyike. Kisha mifuko. Haipokelewi nguo wala haitolewi kabla hajaingiza mkono katika kila mfuko. Aliwahi kumrudishia kinyozi meno ya bandia ya baba yake. Na vitu vidogo, soksi na leso, yeye huviita "watoto". Vikishanyooka, huvitia ndani ya nguo kubwa ya mwenyewe, mfukoni au kwenye mkono wa shati, visipotee. "Mtoto kwa mama yake," husema, na kupapasa nguo kama anayebembeleza.

Hayo yote yangekuwa yake na sabuni yake, kama si Chiriku. Chiriku ni mjukuu wangu, tumemwita hivyo kwa sababu ya mdomo wake. Hajafika miaka minne. Binti yangu anafanya kazi kwa zamu, hivyo mtoto anashinda na baba yake katikati ya mabeseni. Kila nilipoingia nilimkuta na kazi mkononi: mara anapanga vibanio kwa rangi, mara anamimina maji kutoka kopo hadi kopo, mara anakunja leso huku baba yake akiimba na yeye akidakia. Mchana, akisinzia, baba yake humwambia, "Haya, tuwalaze watoto kwanza." Wanatia soksi mifukoni pamoja, kisha naye analazwa juu ya rundo la mashuka.

Mimi niliona mtu aliyejipatia kibarua wa bure. Nikamletea mtoto chati ya herufi, nikaitundika kwa mkono wangu. Siku nyingine nikakuta imefunikwa na suruali ya mtu.

"Mama, anacheza," binti yangu aliniambia. "Akipanga vibanio anajifunza rangi. Akimimina maji anajifunza kupima. Hebu msikilize anavyoongea! Na wewe si ulinifundisha kuhesabu kwa kuchambua maharage?"

"Maharage yalikuwa yetu," nikamjibu. "Hizo ni soksi za watu."

Na kweli, soksi za watu zilituponza.

Ng'ambo ya barabara anakaa Mama Hakimu, mke wa hakimu mstaafu. Ana mashine ya kufulia ambayo mtaa mzima tumeshasimuliwa sauti yake. Lakini mashine hiyo, kwa maneno yake, "inameza vidogo", hivyo nguo kubwa anafua kwake na vidogo anampelekea dobi: leso za hakimu, soksi na kofia za mjukuu wao mchanga. Ikapotea soksi moja. Mwezi uliofuata ikapotea leso yenye herufi za hakimu. Ikapotea kofia ya lesi. Vya watu wengine vyote vilikuwepo. Vya Mama Hakimu tu ndivyo vilivyoyeyuka.

Katika kikao cha akina mama wa mtaa akasimama mbele ya watu.

"Mwalimu, mkweo ana nini na nyumba yangu?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia. "Katafute kwanza ndani ya mashine."

Watu walicheka, ila yeye hakucheka. "Alhamisi nitapita dukani kwake. Nisipovikuta, mume wangu anajua njia ya polisi."

Nilimjibu vile kwa sababu ya jina letu. Si kwamba nilimwamini dobi. Mbona ni vya nyumba moja tu? Nilikumbuka kwamba Mama Hakimu aliwahi kumwita "yule wa mapovu", naye akatabasamu tu. Mtu anayetukanwa akatabasamu, ameiweka wapi ile hasira? Nikaanza kupita kwake bila taarifa. Nilifungua droo, nikakuta nyuzi. Niliinua shuka la kitanda, nikakuta kitanda. Naye alikuwa anaendelea kuimba na mtoto wake, wakati wateja wanakuja mmoja mmoja kuchukua nguo zao hata hazijakauka. Kinyozi alibeba mashati yake yanachuruzika maji. Hata mwenye duka la dawa, mtu wa heshima, aliondoka bila kuaga.

Jumatano nikamwambia binti yangu wazi: "Ikidhihirika ni yeye, wewe na Chiriku mnarudi kwangu. Mjukuu wangu hatakulia nyumba ya mwizi."

"Na ikidhihirika si yeye?"

"Basi ni nani?" nikasema. Alikwenda zamu macho yamevimba.

Alhamisi nilipeleka koti la marehemu. Ni koti refu, zito, la mifuko mipana yenye vifuniko. Kila mwisho wa mwezi hulipeleka lipigwe brashi na kunyooshwa kola, kisha hulirudisha kabatini. Safari hii lilinipa sababu ya kukaa. Nikavuta kiti nyuma ya mashuka yaliyotundikwa, mahali ambapo ningeona bila kuonekana, nikamngoja mwizi.

Dobi alipiga brashi koti akalitundika kwenye msumari wa chini, kisha akatoka uani kuanua. Chiriku alibaki mezani na kikapu cha Mama Hakimu, kilicholetwa kabla ya kile kikao. Akatoa soksi moja ndogo, nyeupe. Akaitazama huku na huku, kama mtu anayemtafutia mgeni kiti. Akaenda kwenye koti la babu yake, akainua kifuniko cha mfuko, akaisukumia ndani, akapapasa mara kadhaa.

"Lala," akasema.

Nilinyanyuka mpaka shuka likanifuata kichwani. Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kuingiliwa mifukoni. "Mfuko wa mwanamume ni kabati lake," alikuwa akisema, na katika ndoa yetu yote sikumwingilia, wala baada ya kumzika. Siku ile niliingiza mkono. Nikatoa soksi. Nikatoa nyingine, leso yenye herufi za hakimu, kofia ya lesi. Koti hilo asubuhi ile lilitoka kabatini mwangu, limebebwa na mkono wangu. Vitu nilivyokuwa nikivitafuta chini ya kitanda cha dobi vilikuwa vinalala chumbani kwangu.

"Bibi, usiwaamshe!" Chiriku akanong'ona.

"Nani amekutuma uviweke humu?"

"Hawana mama. Wote wanakuja wadogo tupu." Akahesabia vidole vyake: "Soksi ya kinyozi ina mama. Leso ya dawa ina mama. Hawa hawana."

"Kwa nini koti la babu? Makoti yako mengi."

"Kule baba anawaamsha. Humu hawaamshi."

Dobi alikuwa amesimama mlangoni na nguo mabegani. Alivitazama vile vitu mkononi mwangu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nilikuwa naona mifuko imetuna," akasema taratibu. "Nikadhani ni vitu vya mzee. Ningeingizaje mkono mfukoni mwa baba mkwe?"

Nami niliiona imetuna, kila mwezi, nikadhani vilevile. Hilo sikumwambia.

Hapo hapo tukasikia barabarani: "Hodi! Leo ni Alhamisi!"

Dobi akasimama haraka akaninyooshea mkono. "Nipe, mama. Nitasema nimezikuta nyuma ya rafu. Jina lako lisiguswe."

Nilimtazama. Kwanza nilijiuliza anataka nini kwangu, kwa malipo ya wema huo. Kisha nikafikiri: akisema hivyo, Mama Hakimu ataamini amezirudisha kwa kuogopa polisi, na binti yangu ataitwa mke wa mwizi hadi uzeeni. Jina letu lilikuwa limeshakaa juu ya mabega ya mtu huyu, nipende nisipende.

"Rudi kwenye ndoo yako," nikamwambia.

Mama Hakimu aliingia, mtandio mabegani, macho yakianzia kwenye rafu. Nikamwekea vitu vyake mezani kimoja kimoja. "Vilikuwa mfukoni mwa koti la marehemu mume wangu. Kabatini mwangu."

Uso ukamchanua. "Kikulacho ki nguoni mwako! Si wewe ulinipa methali hiyo, Mwalimu?"

"Mimi. Sasa nakuonyesha aliyeviweka." Nikamweleza habari za watoto na mama zao.

"Mtoto wa miaka mitatu apange hayo yote?" Alicheka kwa pua. "Nimekaa na hakimu miaka mingi. Ushahidi wa mtoto hufundishwa."

"Basi mjaribu wewe."

Alitoa leso kwenye mkoba wake, akaiweka mezani, akarudi nyuma. Chiriku aliichukua, akaigeuzageuza, akatazama kikapu. Hakuna kikubwa. Akaenda moja kwa moja kwenye koti, akaitia mfukoni, akapapasa, kisha akamgeukia Mama Hakimu na kidole mdomoni: "Shhh."

Mama Hakimu alimtazama dobi, akanitazama mimi, akitafuta nani amekonyeza. Polepole akavua mtandio wake akauweka pale pale mezani.

Chiriku akauangalia. Akaunusa. Akamnusa na Mama Hakimu pembeni ya kanga yake. Akakimbia kwenye koti, akaitoa leso, akaikunjia ndani ya mtandio.

"Mama yake amekuja," akatangaza.

"Mmemfundisha," Mama Hakimu akasema, ila sauti ilikuwa imepungua ukali.

"Tumemfundisha, ndiyo," nikamjibu. "Baba yake amemfundisha, kila mchana. Wako amefundishwa nini na mashine?"

Dobi aliinamisha kichwa. Mabega yalikuwa yanatikisika. Na Mama Hakimu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alicheka mpaka akashika meza. Jioni ile yeye mwenyewe ndiye aliyesimulia habari hiyo kwa kinyozi, na kinyozi akirudisha mashati, mtaa wote umerudi. Siku hizi vidogo vyake vinakuja na mtandio, hata kama mtandio wenyewe ni safi. Binti yangu hakuhama, wala hatukulizungumza tena.

Nilimruhusu dobi akague mifuko ya marehemu kama mifuko mingine yote. Akaniinamia mpaka nikadhani ameangusha kitu.

Mwisho wa mwezi uliofuata koti lilikwenda tena kwa dobi, likarudi. Nilipolitundika kabatini niliona mfuko umetuna. Nikaingiza mkono nikagusa soksi ndogo, nikaichungulia: ina uzi wa njano, rangi ambayo dobi hushonea nguo za nyumbani kwake. Ni ya Chiriku mwenyewe. Sasa, mtu huyo anakagua kila mfuko. Kwa hiyo ameiona, akaiacha, akanipa koti kwa mikono miwili na kusema, "Tunasukuma, mama." Bado sijajua anasukuma nini.

Soksi niliirudisha mfukoni, nikafunga kabati.