Ubani Ndani ya Kiyoyozi

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijawahi kukaa kazi moja miaka miwili. Nimebeba mizigo bandarini, nimechoma matofali Pugu, nimeuza redio mbovu Temeke. Mara nyingi nilifukuzwa kwa sababu ya kuuliza maswali. Swali la ofisi ya Tandika silijutii hata kidogo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, biashara zimeachiwa huru na kila aliyepunguzwa kazi anafungua duka. Nilipata kazi katika ofisi ya kuchapa na kutoa fotokopi. Mie nilisimamia mashine ya fotokopi; dada mmoja wa Songea alichapa barua za maombi ya kazi, mikataba ya viwanja na kadi za harusi. Mwenye ofisi alikuwa karani wa zamani wa bandari, mtu wa pwani, kofia safi siku zote. Tulimwita Mzee. Fahari yake ilikuwa kiyoyozi alichokipata kwenye mnada wa shirika la umma lililofungwa. Mtaa mzima ulijipepea kwa magazeti, sisi tulivaa sweta. Ili baridi isitoke, Mzee alilipigilia mbao dirisha letu la pekee.

Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, alitia ubani kwenye chetezo akafukiza chumba kizima. Mama yake alifukiza hivyo hivyo kwenye biashara yake. Ila mama yake aliuza nazi kwenye kibanda kisicho na ukuta wa mbele. Mzee alimalizia kwa kuinua chetezo mpaka usawa wa kiyoyozi, ili baraka isambae pamoja na baridi. Kiyoyozi kilivuta moshi wote, hakikubakisha.

Baada ya miezi michache chumba kikaanza kunuka kama tambara la deki lililosahauliwa kwenye ndoo. Mzee akaongeza ubani. Mie kichwa kiliniuma kila alasiri. Dada akaanza kukohoa, kikohozi kikavu kilichoanza kama saa nne na kumwacha jioni hana sauti. Siku zile mtu akikohoa mwezi mzima na mwili ukapungua, mtaa ulikuwa umeshamzika. Wateja wakawa wanapokea karatasi zake kwa ncha za vidole.

Mzee akamtuma akapime. Akapimwa makohozi, akapigwa picha ya kifua, akarudi na cheti kwamba hana kifua kikuu.

Mzee hakukifungua hata. "Karatasi haikohoi, mwanangu. Unayekohoa ni wewe. Mwisho wa mwezi tuagane."

Dada alikuwa na watoto wawili na hakuwa na mume. Alikikunja kile cheti, akakiweka chini ya taipureta, akaendelea kuchapa.

Wiki hiyo hiyo mgao wa umeme ukatukamata siku tatu. Fotokopi ikalala, kiyoyozi kikalala, mlango tukauacha wazi. Taipureta haikuhitaji umeme, kwa hiyo dada alichapa kutwa, mie nikakaa kumtazama kwa kukosa kazi.

"Dada, tangu juzi hujakohoa."

"Usiniletee nuksi, kaka."

"Na Jumapili huwa inakuwaje?"

Akafikiri. "Jumapili sikohoi. Nilidhani ni kwa ajili ya kanisa."

Nikavuka barabara kwa fundi wa mafriji. Nikamuuliza kiyoyozi kinaleta hewa kutoka wapi. Akacheka.

"Chenu kile? Hakileti hewa. Kinaizungusha hiyo hiyo mnayopumua, kinaipoza tu. Chujio mmeosha lini?"

"Chujio gani?"

Hapo akaacha kucheka. Akaniazima bisibisi.

Umeme uliporudi, niliwahi kazini nikafungua uso wa mashine kabla haijawashwa. Chujio halikuonekana. Lilikuwa limefunikwa blanketi jeusi la vumbi na nyuzi za sweta zetu, limegandishwa kwa utomvu wa ubani. Chini yake, kwenye sinia la maji, tundu la kutolea maji lilikuwa limeziba, na maji yamelala na utelezi wa kijani. Nyuma yake ukungu umeota kama kwenye mkate uliooza. Tulikuwa tunapuliziwa hayo usoni kutwa nzima.

Nililitoa chujio nikalilaza kwenye kaunta, juu ya karatasi nyeupe. Bibi mmoja aliyekuja kuchapiwa barua akasogea kutazama.

"Mnafuga paka humu ndani?"

Mzee akaingia, chetezo mkononi. "Nani kakutuma ufungue mashine yangu?"

"Mzee, hiki ndicho kinachomkohoza dada."

"Huo ni ubani! Wewe wa darasa la sita uje kuniambia dua ya mama yangu ni ugonjwa?"

"Dua haijaziba kitu, Mzee. Kilichoziba ni moshi. Fukiza barazani, tulioshe hili, na dirisha tulifungue."

"Rudisha. Sasa hivi."

"Likiwa chafu hivi, sirudishi."

"Basi huna kazi."

"Sawa. Ila sirudishi."

Nilidhani yameisha. Dada akasimama, akaikumbatia taipureta, akaitoa nje mpaka barazani, akakaa juu ya boksi la karatasi.

"Nitachapia hapa mpaka dirisha lifunguliwe," alisema. "Nikikohoa hapa hata mara moja, Mzee, naondoka mwenyewe."

Yule bibi akatoka akasimama mbele yake. Mteja aliyefuata akasimama nyuma ya bibi. Ndani alibaki Mzee na chetezo chake. Mie nililichukua chujio nikaenda kulisugua bombani kwa sabuni ya mche. Maji yakatoka kama kahawa, nikaosha tena, nikaliegemeza mlangoni likauke, nikaenda zangu.

Nilipita pale baada ya wiki mbili, mwisho wa mwezi umeshapita. Mbao zilikuwa zimeng'olewa. Dada alikuwa amehamishia meza dirishani, anavuja jasho, anamtania mteja kwa sauti kamili. Mzee alikuwa barazani akifukiza ubani wake. Nikampa shikamoo. Akageuka upande wa pili.

Nikampa tena, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa fundi wa mafriji.