Sheria ya Mgeni na Pipa Tupu

Ilianza siku ya Jumapili, saa tisa na robo ya mchana, noko alipotumbukiza kikombe ndani ya pipa la maji na kikombe kikagonga chini. Noko ni mdogo wake mama. Alikuwa ametoka Kinshasa kuja Bunia kwa wiki mbili, kufunga ordinatere, yaani kompyuta, katika depo moja ya kahawa. Yeye ndiye anayeandika maagizo ambayo mashini ile inayafuata, na tangu afike kila mtu alimwangalia kwa heshima na woga, kama daktari wa meno.

"Shemeki," alimwambia baba, shemeji yake, "munanikulisha samaki ya chumvi, halafu munataka nikufe na kiu?"

Baba alikuwa barazani, ameegemea mashini yake ya kushona, hata Jumapili. Aliinua macho tu. Maji si kazi ya baba.

Parsele yetu, hapa mtaa wa Saio, ina nyumba sita na pipa moja. Tunateka bondeni kwenye chemchemi, na kupanda na bidoni, dumu la maji, kichwani si mchezo. Kila siku nyumba moja inajaza pipa. Zamani wamama walikuwa wakigombana kila asubuhi juu ya zamu, mpaka mimi, ambaye kelele za watu zinanipa hamu ya kuingia chini ya kitanda, nikachukua kipande cha boksi la sabuni, nikaandika sheria, nikakitundika juu ya pipa. Sikumwambia mtu. Wote walifikiri kimetoka kwa mwenye parsele. Wakakifuata mwaka mzima, na mimi nikapita mbele yake kila siku kama mtu asiyejua kusoma.

Sheria zilikuwa nzuri. Nyumba zinafuatana kwa mstari. Aliyejifungua anapumzika siku arobaini. Mwenye mgonjwa anapumzika. Na mwenye mgeni, zamu inampita, inakwenda nyumba inayofuata, kwa sababu kwetu huwezi kumwacha mgeni na sahani yake, wewe ukashuka bondeni.

Ila Jumapili hiyo watoto wa mtaa walikuwa wamepata kipaimara. Nyumba nne zilijaa wageni kutoka Mahagi. Nyumba ya tano ni ya mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo. Yeye si Mkatoliki, lakini lori la kaka yake lilikuwa limeharibika njiani, Iga Barrière, na abiria watatu walilala kwake. Nyumba ya sita ni yetu, na sisi tulikuwa na noko.

"Leo zamu iko ya nani?" mama aliuliza uani.

"Iko yangu, sikatae," alijibu mama wa nyumba ya kwanza, mikono imejaa unga wa bugali. "Lakini karatasi inasema nini? Mwenye iko na mugeni, inamupita. Mugeni wangu ni yule, anakula."

"Basi inakuja kwangu," alisema wa nyumba ya pili. "Na mi niko nao wanane."

"Wanane?" alidakia wa tatu. "Wa kwangu walikuja na mbuzi. Mbuzi pia ni mugeni."

"Mbuzi tulimukula, mama. Huyo hahesabiwe tena."

Zamu ilizunguka hivyo nyumba zote sita, ikarudi ilipoanzia, na kila mtu alikuwa na haki. Mama wa Butembo alipiga makofi akicheka. "Siku moja tu tuko na wageni arobaini, na ndiyo siku hakuna hata mumoja wa kuteka maji. Huyu mwenye parsele aliandika hii sheria alikuwa amelewa."

Nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko. Masikio yalinichoma. Noko alisogea akasoma kile kipande cha boksi, taratibu, kidole kikifuata mistari. Halafu alicheka, si cheko la dharau, lile la mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni.

"Hii haikuandikwa na mwenye parsele. Nani aliandika?"

"Ule mwenye anajificha," mama alisema. Kumbe alijua mwandiko wangu siku zote.

Sasa niseme kwa nini siku hiyo ilikuwa mbaya kwangu hata kabla ya pipa. Niko mwaka wa pili wa sekondari, na Jumatatu asubuhi, kengele ya kwanza, tulipaswa kurudisha fishi, ile karatasi ya kuchagua seksioni ya masomo, ikiwa na sahihi ya mzazi. Baba alikuwa ameshaamua: Ushonaji. Hata wateja wake walijua. "Huyu ndiye atashika mashini," alikuwa akiwaambia, na mimi nikitazama miguu yangu. Mimi nilitaka Hesabu na Fizikia. Fishi ilikuwa imekaa siku tisa ndani ya katekisimu yangu, haina sahihi, kwa sababu sikuwa nimefungua mdomo. Na baada ya kengele ya kwanza, prefe, mkuu wa shule, alisema asiyerudisha atawekwa mahali atakapotaka yeye prefe.

Noko aliniita nikae naye kwenye ngazi. Alikuwa bado na kikombe kikavu mkononi.

"Unajua nini ulifanya? Hii ndiyo kazi yangu. Ile ile. Kama hivi, fanya hivi, kama sivyo, pita kwa ya pili. Na ulikosa mahali mi nilikosa mara mia: hukuuliza kama wote wakipita, inakuwa aje."

"Sikufikiri wote wanaweza kuwa na wageni siku moja," nilisema.

"Hakuna mwenye anafikiri. Na ordinatere ni kama hii parsele leo: inatii. Haina aibu, haina huruma, haioni ya kama watu wako na kiu. Watu wa Kinshasa wanasema iko na akili. Haina. Akili, ama upumbavu, ni ya mwenye aliandika."

Nilifurahi sana kusikia hivyo, ndiyo maana nikathubutu. Nilimwambia habari ya fishi, kwa sauti ya chini kabisa, nikatoa na sababu yangu, ambayo sikuwahi kumwambia mtu: fundi wa nguo lazima awapime watu. Lazima amshike mama asiyemjua kiunoni, amuulize anapenda kubana au kulegea. Nikifikiri hivyo tu, jasho linanitoka. Lakini namba hazikuangalii usoni. Mtu wa namba anakaa na mashini yake, mlango umefungwa, basi.

Noko alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Nani alikudanganya? Kule depo, siku tatu za kwanza sikugusa hata kifungo kimoja. Nilikaa na muzee wa magunia. Nikamuuliza, akakataa kusema, nikarudi, nikanywa chai yake, nikamuuliza tena. Siku ya tatu ndiyo akanionyesha: gunia lenye unyevu anaweka pembeni ya mlango, lenye kukauka anaweka nyuma. Hakuna mahali iliandikwa. Bila ule muzee, mashini ingechanganya yote. Kuandika maagizo ni mchana mmoja. Kusikia watu ni kazi yenyewe."

Nilijisikia kama mtu aliyenyang'anywa kiti. Siku tisa nilikuwa nimeshika sababu moja, na sasa haikuwepo.

"Sasa, uachane na hesabu?" akaniuliza.

Nilifikiri. Nilifikiri kweli, sikumjibu kwa heshima tu. Nikaona kwamba bado nilitaka. Tangu aliposema nilikosa wapi, kichwa changu kilikuwa kinazunguka zile nyumba sita, kikitafuta, na kilikuwa kinafurahi.

"Hapana," nikasema. "Noko, unaweza kumwambia baba?"

"Mi nitakaa darasani mahali pako?" Aliinuka, akapangusa suruali. "Shuleni walitufundisha kunakili ubao, na mwenye kukosa anachapwa. Ndiyo maana tunaogopa kukosa kuliko kuogopa kutojua. Mi kazini nakosa kila siku, natafuta kosa, naanza tena. Anza na sheria yako. Lakini usiitengeneze kwa kichwa peke yako. Enda uwaulize wenye kuteka."

Zile nyumba tano, sijui kama nimewahi kutembea safari ndefu zaidi. Kwenye nyumba ya kwanza nilisimama mlangoni mpaka yule mama akaniuliza kama nimetumwa chumvi. Nilisema, "Mama, ile karatasi ni mi niliandika. Iko na kosa. Weye unaona ingekuwa aje?" Nilisema yote kwa pumzi moja. Alinitazama, akawaita wengine waje kuniona, na niliomba ardhi inimeze. Haikunimeza.

"Kumbe bubu yetu ndiye serikali," alisema.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi kidogo, maana wamama wana maoni. Wa pili alitaka mwenye mgeni mmoja asisamehewe, mpaka awe na watatu. Wa tatu alisema mgeni akilala siku ya pili si mgeni tena, ni mtu wa nyumba, ashike bidoni. Wa nne alisema wanaume ndio washuke, na wote wakacheka, wakaliacha hilo. Mama wa Butembo, aliyekuwa amesema mwandishi alilewa, aliniomba radhi kwanza, halafu akanipa jibu lenyewe: "Binti yangu, mugeni mumoja anakuzuia. Lakini kama siye wote tuko nao, wageni hawabaki peke yao, wanakaa pamoja. Basi kila nyumba ilete bidoni moja tu."

Nilirudi nikaandika chini ya zile sheria: Kama nyumba zote ziko na wageni, zamu haipite, kila nyumba inaleta bidoni moja. Nikaongeza na ile ya siku ya pili, kwa sababu ilikuwa ya haki.

Tulishuka bondeni wote, na wasichana wa kipaimara wamekunja gauni zao nyeupe magotini. Wakati wa kupanda noko naye alibeba bidoni, tai imetupwa begani, maji yakimmwagikia mgongoni.

"Sitwayeni, raia mukubwa wa Kinshasa," mama wa Butembo alimwita kutoka nyuma, "ile mashini yako haiteke maji?"

"Inateka, mama. Mnipe tu umeme wa kushuka mpaka hapa."

Pipa lilijaa kabla jua halijagusa mabati. Wageni walikunywa, na mimi nilibaki na jambo moja.

Baba alikuwa bado barazani, anafunika mashini yake kwa kitambaa. Nilimpa fishi na kalamu. Mdomo ulikuwa umekauka ingawa nilikuwa nimekunywa vikombe viwili.

"Baba, sitaki Ushonaji. Ninataka Hesabu na Fizikia."

Aliupitisha mkono juu ya kitambaa.

"Ni noko yako alikutuma?"

"Hapana. Nilimuomba aseme, akakataa."

"Hmm. Hii mashini, unaona? Haiulize umeme. Tone moja la mafuta, inaenda miaka. Ile ya noko yako ikikufa hapa Bunia, nani ataifufua?"

"Labda mimi."

Nilishangaa nilivyosema. Yeye pia. Aligeuka akaniangalia vizuri.

"Na kushona kulikukosea nini?"

Ningeweza kusema uongo mzuri. Nilisema ukweli. "Naogopa kupima watu, baba."

Baba alicheka polepole, akitikisa kichwa, akaangalia kama mama yuko mbali. "Weye umeniona siku gani nikimupima mama wa mutu na metere? Watu wanasema mi niko na jicho, naangalia tu, gauni inakaa. Jicho lilitoka wapi? Nilikuwa kijana, nilikuwa naona haya. Nilijifunza kuangalia, ili nisiguse."

Tulikuwa watu wawili wenye haya kwenye baraza moja. Halafu aliniambia nimsomee fishi yote kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka mahali pa sahihi. Nilimsomea. Aliandika jina lake kwa uangalifu wa mtu anayekata kitambaa cha bei.

"Ukianguka mwaka, unarudi kwa mashini. Na Jumamosi unanikunjia pindo. Hiyo si adhabu. Ninapenda ukae hapa."

Kesho yake asubuhi niliamka mapema, nikaenda shuleni kwa njia fupi, nikafika wakati mstari mbele ya ofisi ulikuwa na wasichana wanne tu. Prefe aliichukua fishi, akaipindua, akaniambia nimesahau chaguo la pili, kama la kwanza likijaa. Nilimwomba kalamu. Niliweka karatasi juu ya meza yake, nikaandika Ushonaji kwa herufi kubwa, nikamrudishia, nikaingia darasani.