Lenzi Mbili za Karani Ogola

Kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, miaka ile ya hamsini, kila familia ilikuwa na chumba kimoja. Chumba hicho kilikuwa sebule, kikawa jikoni siku za mvua, kikawa mahali pa kulala watu saba au wanane, na bado mama wa nyumba alikipamba mpaka ukiingia unavua kofia. Kulikuwa na vitambaa vya meza vilivyofumwa kwa mkono, vikombe vya maua ambavyo havikuguswa ila mgeni akija, na kalenda ya mwaka uliopita iliyobaki ukutani kwa sababu ya picha yake. Wakati wa kiangazi vumbi jeupe la magadi ya ziwani lilipenya chini ya mlango likatua juu ya kila kitu, na mama zetu wakapangusa asubuhi, wakapangusa tena jioni. Hata leo nikisikia harufu ya magadi namwona mama yangu na kitambaa mkononi.

Elisha Ogola alikaa chumba cha mwisho cha safu yetu, karibu na bomba la maji. Alikuwa karani wa vifurushi stesheni, Mjaluo wa Gem, mrefu, mpole, asiyependa kusema neno kabla ya kuligeuza kwanza. Mke wake alikuwa Gem akiangalia shamba na watoto, akija Nakuru mara moja kwa mwaka. Pengine ndiyo sababu Jumapili za Ogola zilikuwa ndefu, na kamera ikazijaza.

Kamera hiyo aliinunua kwa fundi mmoja Mwitaliano aliyebaki nchini baada ya vita kujenga barabara, kisha akachoka na kurudi kwao. Ilikuwa ndogo, nzito kwa ukubwa wake, na lenzi yake unaizungusha inatoka kama kifuniko cha chupa. Baada ya kanisa Ogola alitupiga picha tukiwa tumesimama nje, migongo ukutani, jua machoni. Picha zilitoka safi. Lakini watu hawakutaka ukuta wa reli. Walitaka vyumba vyao.

"Karani," Naliaka alimwambia siku moja, "mama yangu Kimilili hajawahi kuona ninapokaa. Nikimpelekea picha ya ukuta ataona nini? Atadhani nimeolewa na stesheni."

Naliaka, ambaye sisi tulimwita Mama Nanyama kwa jina la binti yake wa kwanza, alikuwa mke wa Nyongesa, fayamani wa garimoshi, yule wa kulisha moto wa injini. Ogola alijaribu. Alisimama ndani ya chumba chao, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukuta, akatazama kwenye kamera. Aliona kitanda na watoto wawili. Akatoka mpaka mlangoni, akaona kitanda na watoto watatu. Lenzi ya Mwitaliano ilikuwa nyembamba ya macho. Kwa chumba kama kile ilihitajika lenzi pana.

Basi mwaka wa hamsini na saba, mwezi wa tatu, zikafika lenzi pana mbili kwa mpigo katika duka la picha la Bwana Hirji, nyuma ya soko. Zote zilikuwa zimetumika, zote zingeingia kwenye kamera ya Ogola. Moja ilikuwa ya milimita thelathini na tano, nyingine ya ishirini na nane. Bwana Hirji alimweleza kuwa namba ikipungua, macho yanapanuka. Ogola alikuwa na uwezo wa kuchukua moja tu.

"Chukua hii thelathini na tano," alisema Bwana Hirji. "Hii ya watu. Ile ingine ya nyumba na mlima. Mtu akikaa pembeni yake, iko vuta yeye kama chapati."

Ogola alizishika moja mkono huu na moja mkono ule, akazirudisha mezani, akazishika tena. Bwana Hirji alimtazama, akacheka. Kila sanduku la vioo na dawa za picha la duka lile lilipita mikononi mwa karani huyu pale stesheni, na hakikuvunjika kitu hata siku moja. Akazifunga zote mbili katika karatasi laini.

"Peleka zote. Jumapili jaribu. Jumamosi ya pili leta moja, moja yako."

Jumapili hiyo Naliaka aliamka mapema akasugua sakafu mpaka ikang'aa. Mama yake mwenyewe alikuwa amekuja kwa mara ya kwanza kutoka Kimilili kumsaidia na mtoto mchanga, kwa hiyo ndani ya chumba walikuwa wanane: Nyongesa na suti yake ya harusi, Naliaka, watoto watano, na bibi yao, waliyemwita kukhu kwa Kibukusu, kwenye kigoda pembeni kabisa karibu na kabati. Sisi wengine tulijazana nje kuchungulia, Ogola akituomba kwa upole tusizibe mwanga.

Alianza na ile ya ishirini na nane. Aliweka kamera juu ya miguu yake mitatu pale kizingitini, akatazama, akatabasamu peke yake. Wote walikuwamo, na kitanda, na meza, na kabati. Akawaambia wasipumue, akahesabu mpaka mbili.

Kisha akafunga ile ya thelathini na tano. Akatazama kwa muda mrefu.

"Shemeji, sogeeni kidogo upande wa kitanda."

Wakasogea.

"Kidogo tena."

"Karani, tukisogea tena tutaingia kwa jirani," alisema Nyongesa.

Kukhu ndiye aliyeelewa. Aliinuka, akaokota kigoda chake, akapita katikati ya wajukuu. "Pigeni tu," alisema. "Mimi nakaa nje kwa jua."

Hakuna aliyemzuia, maana wote walikuwa wamekaa sawa na Ogola alishaanza kuhesabu. Mama Nanyama aliniambia, miaka mingi baadaye, kwamba jambo hilo lilimuuma kila alipolikumbuka.

Picha zilitoka Jumatano. Ogola alizileta jioni, akazilaza mezani juu ya kitambaa. Ile ya thelathini na tano ilikuwa nzuri sana. Kila mmoja alikuwa yeye, Nyongesa na mashavu yake, Nanyama na jino lake lililong'oka. Ile ya ishirini na nane ilikuwa na chumba chote mpaka msumari wa kutundikia koti, lakini pale pembeni kukhu alikuwa ameharibika. Kichwa kilikuwa kimevutwa upande kama unga uliokandwa vibaya, na mkono uliokaa gotini ulikuwa mkubwa kuliko uso wa mtoto. Watoto walicheka mpaka wakakaripiwa.

Naliaka hakucheka. Aliweka kidole kwenye picha ya kwanza. "Kwa hii, mama yangu hayuko." Akakisogeza kwenye ya pili. "Kwa hii yuko, lakini si yeye."

Ogola alizikusanya picha zote mbili, akazirudisha mfukoni mwa koti. Alhamisi na Ijumaa alipima vifurushi huku akiwaza. Alipenda lenzi ya thelathini na tano jinsi mtu anavyopenda kazi iliyonyooka, na hakutaka kuwa mpiga picha wa kuharibu sura za watu. Jumamosi asubuhi alikuwa ameamua. Aliifunga ile ya ishirini na nane katika karatasi yake, akaiweka kando ya mizani ili aipeleke kwa Bwana Hirji akitoka kazini.

Kabla hajatoka, kukhu alisimama mbele ya dirisha la vifurushi na kikapu cha kuku kichwani. Alikuwa anapanda garimoshi la kwenda Uganda, ashuke stesheni ya Broderick Falls, aendelee kwa miguu.

"Karani, nipe picha yangu."

Ogola aliona aibu. Alitoa zote mbili mfukoni mwa koti, akamweleza polepole kuwa moja ni nzuri lakini hayumo, na nyingine yumo lakini lenzi ilimvuta vibaya, na kwamba akisubiri mwezi mmoja atampigia nyingine, nzuri, nje, peke yake.

Kukhu alichukua ile ya ishirini na nane, akaileta karibu na macho.

"Huyu mimi?"

"Ni wewe, kukhu. Samahani. Lenzi imekuvuta."

Aliitazama tena, akapita kwa kidole kutoka kwa mjukuu wa kwanza mpaka kwake mwenyewe.

"Imenivuta ndani," alisema. "Ile ingine imenitoa nje."

Aliikunja ndani ya leso, akaifunga kifundo kiunoni, akaenda na kuku wake. Ogola alibaki na ile picha nyingine mkononi mpaka mtu aliyefuata kwenye foleni akagonga dirisha.

Mchana huo Bwana Hirji alifungua karatasi akakuta lenzi ya thelathini na tano. "Utajuta," alimwambia.

Alijuta kidogo, kwa miezi kadhaa. Sura za pembeni ziliendelea kuvutika, na watu wawili watatu walikataa picha zao. Aliyemsaidia alikuwa Mathenge, seremala wa Kabazi aliyekuwa akimtengenezea fremu. Mathenge alizitazama picha kwa jicho la fundi, akasema, "Kabati halina uso, karani. Weka kabati pembeni, watu uwaweke katikati, halafu usiinamishe kamera." Ikawa hivyo. Tangu siku ile Ogola akiingia chumbani mwako alianza kwa kuhamisha vyombo, na akina mama wakazoea kumsikia akiomba ruhusa ya kusogeza jiko.

Alitupiga hivyo mpaka mwaka wa sitini na mbili, alipostaafu akarudi Gem kwa mke wake. Tulimsindikiza stesheni, na kwa mara ya kwanza kamera ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Nyongesa ndiye aliyeishika, na picha ilitoka imetikisika. Ogola alifariki akiwa mzee sana. Landhi nyingi zimebadilika, na watu wake wametawanyika.

Mwaka juzi nilipita Kabazi kumsalimia Wamuyu, mjane wa Mathenge. Juu ya redio yake kulikuwa na picha nyeusi na nyeupe ya mwaka wa hamsini na nane: Mathenge na Wamuyu wamekaa kitandani, magoti pamoja, chumba chote kikionekana. Nilimuuliza kwa nini wakati ule walikaa wima hivyo, kama wako mahakamani.

"Picha pekee aliyokuwa nayo mume wangu ilikuwa ile ya kitabu cha pasi, kibali cha serikali cha kutembea wakati wa hali ya hatari," alisema. "Walimpiga picha ya kichwa tu. Alimwambia Ogola, safari hii nataka nionekane na viatu vyangu, na kitanda nilichokitengeneza mwenyewe, na mke wangu."

Akaiteremsha, akaipangusa kwa upindo wa leso. Lakini hakunionyesha sura zao. Alinionyesha pembeni, mahali ambapo Ogola alisukuma vitu ili visimsumbue: pasi ya makaa, ndoo, kiatu kimoja cha mtoto, ncha ya shuka la maua.

"Ona hiyo shuka," alisema Wamuyu. "Nilikuwa nimeisahau kabisa. Niliinunua Njoro, tukilima bado kwa mzungu. Ilikuwa na rangi ya samawati, na maua meupe."

Alikaa nayo mapajani kwa muda, akinitajia rangi za vitu vingine vilivyokuwa humo, kimoja baada ya kingine, huku chai ikipoa.