Maswali Kumi na Moja

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, kila mtu alimwita Mama Shuka, hata daktari mkuu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kumi na minne kati ya hiyo aliipitisha hapo, baina ya mashine za kufulia, za kukaushia na meza ndefu ya pasi. Katika muda huo alipokea wakuu watatu wa kitengo, wote na shahada zao za biashara, na wote yeye ndiye aliyewafundisha kazi. Wa tatu alipouliza kwa nini shuka za chumba cha upasuaji hazichanganywi na nyingine, Mama Shuka alimweleza kwa adabu, akarudi nyumbani na kumwambia mumewe, "Mwaka huu nafanya mtihani wa kuingia shule ya biashara."

Akaufanya. Shule ilitaka alama sitini. Alipata hamsini na mbili.

Kwa siku tisa hakumwambia mtu kazini. Wenzake walikuwa wamemshikia zamu ili asome, na kila asubuhi mpiga pasi, mzee asiyeishiwa utani, alimuuliza, "Bosi mtarajiwa, majibu vipi?"

"Bado hayajatoka."

Akageukia mashine, akaanza kupakia shuka.

Siku ya nane ikaja barua. Chuo kidogo cha jioni, alichokiomba pia, kilikuwa tayari kumchukua kwa alama zilezile, lakini kwa kozi ya cheti ya mwaka mmoja, si shahada. Athibitishe kabla ya Ijumaa.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, mke wangu," alisema mumewe, fundi wa lifti. "Hii iko mkononi. Ukirudia mtihani ukaanguka tena, utakosa huku na kule."

"Na hicho cheti kitanifikisha wapi?"

Mumewe alifikiri. "Kitakufikisha hapohapo ulipo, ila ukiwa na cheti."

Wakacheka, lakini yeye cheko lake lilikatika mapema.

Jumatano alikwenda kwa dada yake, mwalimu wa hesabu, akitumaini angalau kuhurumiwa. Dada alikuwa jikoni, rundo la madaftari mbele yake, kalamu nyekundu mkononi.

"Mimi na hesabu basi tena," alisema Mama Shuka. "Kichwa changu kimekuwa kigumu."

"Ulikosa yapi?"

"Nitajuaje? Nilinasa kwenye moja, la mabomba mawili yanayojaza tangi. Nikaling'ang'ania mpaka msimamizi akasema muda umekwisha."

"Yakabaki mangapi hukuyagusa?"

Aliona haya kuitaja idadi. "Kumi na moja."

Dada aliweka kalamu chini. "Kumi na moja, na bado ukapata hamsini na mbili? Mdogo wangu, wewe hukushindwa na hesabu. Ulishindwa na ubishi, na huo umeurithi kwa baba."

Akasogeza madaftari, akamchagulia maswali kumi kitabuni, akaweka simu mezani ihesabu dakika ishirini. "Likikugomea, liruke. Halitakulilia."

La tatu lilimgomea. Aliinamia karatasi kama mtu anayetafuta sindano, mpaka dada akagonga meza kwa kidole. Akaliruka, na moyo ukamuuma kweli. Muda ulipokwisha alikuwa amegusa yote, na saba yalikuwa sahihi.

"Saba," alisema, kana kwamba hakuamini.

"Bila kujiandaa, na mimi nimekukodolea macho."

Alhamisi alikipigia chuo simu, akashukuru, akaiachia ile nafasi. Kisha akaingia kazini na kuwaambia wenzake ukweli wote, siku zile tisa zikiwemo.

Mpiga pasi aliweka pasi yake chini. "Mimi mtihani wa udereva niliufanya mara nne. Mara ya tatu nilimgongea mtahini baiskeli yake."

"Na ya nne?"

"Ya nne alinipasisha ili nisirudi." Walipomaliza kucheka, akaongeza, "Zamu zako tutazishika. Ila usitufiche tena. Tumekuombea majibu mema wiki nzima, kumbe yalishatoka."

Miezi mitatu alisoma huku mashine za kukaushia zikizunguka, maana kila mzunguko ulikuwa wa dakika arobaini, na alijifunza kuruka maswali yaliyomgomea. Hakuwahi kulipenda zoezi hilo.

Majibu ya mara ya pili yalitoka wakati yeye na mpiga pasi wanakunja shuka, kila mmoja ameshika upande wake. Simu ikalia mfukoni.

"Isome tu," alisema mzee. "Upande wako utajishikilia kwenye meza."

Aliisoma mara mbili. "Sitini na tatu."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, akimtazama kwa macho yaliyoanza kulowa. "Hongera, mwanangu. Sasa njoo tumalize, hii shuka inatakiwa wodini."