Mtani na Njia za Kiangazi

Polikarpo alizaliwa Bagamoyo, akabatizwa Bagamoyo, na leo ana miaka arobaini na miwili bila kuiona Tabora hata kwa dawa. Lakini baba yake, seremala wa misheni, alitoka huko, na kwa watu wa Zinga hilo linatosha. Polikarpo ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi kwa Mkwere ni mtani. Mtani anaweza kukukuta unakula akakuondolea sahani. Anaweza kukukejeli msibani mbele ya wakwe zako, nawe ukacheka. Ukikasirika, umeshindwa wewe.

Mtani wake mkubwa alikuwa Seleman, Mkwere. Wawili hao walikuwa na gereji moja ya pikipiki pale Zinga, kando ya barabara kuu, na hakuna aliyewahi kuwasikia wakisalimiana kwa adabu. Seleman akifika tu huanza, "Mbeba mizigo, umeamka?" Wanyamwezi wa zamani walishuka pwani na mizigo vichwani, na pwani haijawaacha wapumue mpaka leo. Polikarpo naye humjibu kwamba Mkwere njia anayoijua ni ya kwenda ngomani. Wateja hucheka, kazi inaendelea.

Na kubeba, kweli alibeba. Kwa miaka tisa kabla ya gereji alikuwa akipakia samaki wakavu Saadani, anawaleta kwa pikipiki kupitia njia za ndani za Mkange, mpaka mgongo ukakataa. Ndipo alipozijua njia zile kuliko wengi waliozaliwa kandokando yake. Ni njia za kiangazi. Masika, udongo mweusi hunata magurudumuni mpaka pikipiki inasimama wima bila stendi. Kuanzia Julai hukauka, na mtu anayejua pa kupita anaweza kwenda siku nzima asione lami ila pale pa kuvukia mto Wami.

Mwaka huu kundi la watu wa Dar, wale wanaoendesha pikipiki kwa kujifurahisha, likataka kupangiwa safari ya siku mbili kwenye njia za namna hiyo. Mimi nasema Mungu alikuwa amemkumbuka Polikarpo. Jumapili tatu mfululizo, akitoka misa ya kwanza, aliondoka na daftari la shule. Aliandika wapi pana mchanga wa kuangusha mtu, wapi petroli inauzwa kwenye chupa, wapi mwenye shamba hapendi kelele mpaka aombwe. Alimwendea Bi Hajra wa Mkange, naye akakubali kuwapikia wali na kuku watu kumi na wanne kwa sababu tu aliyeomba ni Polikarpo. Alifika hadi lango la Hifadhi ya Saadani kuuliza pikipiki zinaruhusiwa wapi, akaambiwa wabaki kwenye barabara ya kijiji, wasiguse njia za wanyama.

Mawasiliano yote yalipitia simu ya Seleman, maana Polikarpo anatumia simu ya kitochi. Seleman alipiga picha kurasa za daftari, akazituma. Kiongozi wa kundi, mwanamke aitwaye Tina, akajibu kwamba safari ikienda vizuri watarudi kila kiangazi, na wangetaka kiongozi wa njia wa kudumu. Polikarpo aliomba asomewe ujumbe huo mara mbili. Ndicho alichokitaka, kutangulia mbele kwenye njia zile, safari hii nyuma ya kiti pakiwa patupu. Mkewe, Evarista, alimpigia pasi shati la bluu siku mbili kabla.

Na Seleman alimwambia. Hapo ndipo kisa kinaponikera mimi. Alimwambia mchana kweupe, mbele ya wateja, huku akifuta mikono kwa tambara, "Mtani, safari hii nakunyang'anya. Mimi nitatangulia, wewe utatufuata na madumu ya mafuta, maana kubeba ndiko kwenu." Watu walivunjika mbavu. Polikarpo akacheka kuliko wote, akamwambia Mkwere akitangulia watatokea kwenye ngoma ya mdundiko wa unyago. Kisha akampa daftari aende akakamilishe kutuma kurasa zilizobaki.

Siku ya safari pikipiki kumi na mbili za wageni zilijipanga mbele ya gereji tangu saa kumi na mbili asubuhi. Polikarpo alikuja na shati lake la bluu. Dada mmoja aliyeshika kofia ngumu mkononi akamsogelea kwa heshima.

"Shikamoo kaka. Mimi ni Tina. Wewe ndiye wa mafuta? Seleman katuambia utakuja nyuma yetu na madumu."

Polikarpo alimtafuta Seleman kwa macho. Alikuwa mwanzoni mwa mstari, amevaa kizibao cha njano cha kiongozi, daftari limechomoza mfukoni. Madumu manne yalikuwa tayari yamefungwa kwenye pikipiki ya Polikarpo iliyolala hapo gereji.

"Usinitolee macho, mtani," Seleman alisema akicheka. "Si nilikwambia?"

Alimwambia, na hilo ndilo lililouma. Angefichwa angepata pa kushika. Sasa akilalamika, ataambiwa hajui utani. Waendeshaji wa mbele walikuwa wanacheka bila kujua wanamcheka nani.

Alifungua kamba, akashusha madumu moja moja. Kisha akamgeukia Tina. Akamwambia kwamba wakishapita Mkange, penye shamba la ufuta, wasifuate kilichoandikwa. Kivuko cha magogo cha kushoto kimezolewa na maji, yeye aliona Jumapili iliyopita na hakupata wasaa wa kuliandika hilo. Wapite kulia. Na wamsalimie Bi Hajra.

Tina akalitazama daftari lililokuwa mfukoni mwa Seleman, akamtazama Polikarpo. "Kwani aliyeandika ni nani?"

Seleman alidakia haraka, sauti juu, "Mwacheni huyo, Wanyamwezi bila mzigo kichwani huweweseka." Kisha akasubiri tusi lake, kama alivyosubiri kila asubuhi kwa miaka sita.

Polikarpo alimwendea, akasimama mbele ya pikipiki yake, akampa mkono.

"Habari za asubuhi, Bwana Seleman. Nyumbani hawajambo?"

Mafundi wawili waliokuwa wanafungua gereji wakaacha kazi. Seleman aliutazama ule mkono asiushike.

"Mtani, vipi tena? Nitukane basi."

"Siwezi, bwana," Polikarpo alisema. "Sisi hatujazoeana."