Bi Wangapi na Nyumba za Nyuma ya Kiwanda

Kazi ile aliipata kwa sababu ya mwandiko. Waombaji walikuwa zaidi ya sitini, wengi wao wamesoma kumzidi, lakini ofisi ya takwimu za afya ilitaka mtu ambaye saba yake haifanani na moja. Mumewe, fundi cherehani, alimshonea mkoba wa turubai ili mvua isiyaguse madodoso. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na minne. Hakujua kwamba angepiga hodi kwenye milango ya watu kwa miaka ishirini na minane, wala kwamba mitaa ingelisahau jina lake na kumwita Bi Wangapi, kwa sababu ya swali lake la kwanza: "Mmo wangapi humu ndani?"

Mafunzo yalikuwa ya wiki mbili kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Walifundishwa kuuliza akina mama kuhusu mimba, walikojifungulia, chanjo na kunyonyesha, na kupima watoto uzito na urefu. Siku ya nne wakapangwa wawili wawili wadodosane. Mwenzake alikuwa bwana mmoja mrefu, baba wa watoto watatu, aliyepewa kazi ya kubeba ubao wa kupimia urefu. Tangu siku ile akaitwa Ubao.

Ubao akasoma swali kama anayekariri. "Umewahi kujifungua mtoto aliyezaliwa hai, kisha akafariki, hata kama aliishi saa chache tu?"

Yalikuwa mazoezi tu. Angesema hapana, nani angejua? Lakini mdomo ulimtangulia.

"Ndiyo. Wa kiume. Siku tatu."

Kwao hakuna aliyemtaja mtoto yule kwa miaka miwili. Mama mkwe alizikunja zile nguo ndogo akazipeleka anakokujua mwenyewe, mume akainamia cherehani, na yeye akazoea kulipita jambo lile kwa mbali, kama mtu anavyolikwepa shimo njiani. Sasa Ubao alikuwa amekaa penseli hewani, hajui aangalie wapi. Aliyemwokoa ni mwalimu wao, mkunga mstaafu, aliyekuwa akipita kati ya madawati.

"Andika," mkunga akamwambia. "Aliishi siku tatu, andika siku tatu." Kisha akamshika Bi Wangapi bega. "Na wewe mwanangu, umeuona uzito wa swali hili. Usije ukamuuliza mtu mbio mbio."

Miaka iliyofuata ndiyo aliyoipenda kuliko yote. Alfajiri chai ya kusimama, kisha mkoba begani, chaki mfukoni ya kuandika namba ya kaya juu ya mlango, na Ubao mbele na ubao wake kama fundi anayekwenda kupachika dirisha. Watoto waliuona mzani unaning'inia wakaanza kulia kabla hawajaguswa. Mama asiyekumbuka mwezi aliojifungua walimsaidia taratibu: kabla ya mafuriko au baada? Paa la soko lilikuwa limeshaungua? Mzee mmoja alidai naye apimwe. Alipoambiwa mzani unaishia kilo ishirini na tano, akasema basi wampime mguu mmoja mmoja.

Katika mzunguko wa tatu wa utafiti walipangiwa nyumba za nyuma ya kiwanda cha mbao, ng'ambo ya reli. Walimaliza kwa siku mbili, kaya kumi na tisa, na kwa lile swali zito zote zikajibu hapana. Msimamizi alifurahi. Fomu safi, hazina mafuto.

Bi Wangapi zikamkaa rohoni. Aliona wanawake waliokaa miaka minne, mitano, kati ya mtoto na mtoto, na hawakuwa wametumia njia yoyote ya uzazi wa mpango. Halafu akakumbuka kwamba karibu kila nyumba mama mkwe alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka, anasikiliza. Yeye mwenyewe, mbele ya mama mkwe wake, angejibu nini?

Alimwomba msimamizi ruhusa ya kurudi.

"Fomu ikishafungwa imefungwa," msimamizi akasema. "Unataka kunichelewesha kwa ajili ya hisia zako?"

Jumamosi, siku yake ya mapumziko, alirudi. Ubao alisema hendi, akasema tena hendi, kisha Bi Wangapi akamkuta kwenye kivuko cha reli anamsubiri na ubao wake. Kazi yake siku hiyo ilikuwa moja: kuwapima urefu akina mama wakwe. Aliwasimamisha uani mmoja mmoja, akawasifu migongo iliyonyooka, nao wakabishana nani mrefu. Bi Wangapi akapata nafasi ya kukaa na wake wa wana wao pembeni.

Wa kwanza alikuwa mfua nguo aliyesema ana watoto wawili. Walisimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Bi Wangapi hakufungua mkoba kwanza.

"Dada, mimi wangu aliishi siku tatu," akamwambia.

Mfua nguo aliendelea kukamua shuka mpaka likaisha maji. "Wangu alifika ya tano," akasema. "Wa kike. Kwa hiyo ni watatu. Unaweza kubadilisha?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Mpaka jioni walikuwa wamehesabu watoto saba, sita kati yao hawakumaliza wiki. Wote walizaliwa nyumbani, kwa sababu zahanati ilikuwa upande wa pili wa reli, na mabehewa ya kubebea mbao yalipofunga kivuko, mama mwenye uchungu angezunguka saa nzima. Msimamizi alizipokea fomu mpya kwa uso wa ndimu, akampa barua ya onyo. Lakini mtakwimu mkuu alizisoma, akatuma watu wengine kuhakiki, nao wakarudi na hesabu ileile.

Ilichukua karibu miaka miwili. Hatimaye chumba cha kujifungulia kikafunguliwa upande wa kiwanda, pamoja na muuguzi wa kuwatembelea wazazi wapya siku ya tatu. Vifo havikuisha, vilipungua. Katika mzunguko wa nne mfua nguo alimletea mtoto wa miezi minane kwenye mzani, mnene, mwenye hasira, akavuta kamba kwa mikono miwili. Bi Wangapi aliandika kilo tisa, akarudia kusoma mshale bila sababu yoyote, kwa kutaka tu kumwangalia zaidi.

Alistaafu mwaka vishikwambi vilipoingia. Anawaona mabinti wa sasa wakipita na vioo vyao mkononi, dodoso linajihesabu lenyewe, naye anafurahi, ingawa anaikumbuka harufu ya penseli iliyochongwa na vumbi la chaki mikononi.

Ubao humpigia simu Jumapili. Watoto wake wote wana watoto, magoti yanamsumbua. Huanza na habari za afya, mara wanajikuta nyuma ya kiwanda, wanabishana kama mbwa aliyewafukuza pale alikuwa mweusi au wa kahawia. Mpaka leo hawajaafikiana.