Kibali Kilichosema Mkalimani

Latifa Chilumba alikuwa nesi upande mmoja wa Mto Ruvuma, na upande wa pili alikuwa mkalimani. Mtwara alisomea uuguzi miaka mitatu, akapata cheti na leseni, kisha akakaa kwa mama yake miaka miwili akingoja ajira ambayo haikuja. Aliposikia kwamba kule Palma, ng'ambo ya mto, kwenye shughuli za gesi, daktari mmoja wa kigeni anatafuta mtu mwenye Kiingereza na Kiswahili cha pwani, hakungoja kuambiwa mara mbili. Kampuni ya tiba iliyomwajiri ikamtafutia kibali cha kazi. Penye nafasi ya kazi paliandikwa neno moja tu la Kireno, intérprete, yaani mkalimani, na chini yake onyo kwamba mwenye kibali hiki asifanye kazi nyingine yoyote.

Aliyachukulia kuwa maneno ya karatasi. Siku ya pili akashika kiganja cha mtoto mwenye homa ahesabu mapigo ya moyo, na mkuu wa ofisi, Senhor Arsénio, akamwita pembeni. Hakumfokea. Alimweleza kwamba hana usajili wa nchi hii, na mkaguzi akimkuta amemshika mgonjwa, kibali kitafutwa siku hiyo hiyo. Akitaka kushika wagonjwa, kuna mtihani wa manesi waliosoma nje. Hufanyika Pemba, kwa Kireno.

Kireno cha Latifa wakati ule kilikuwa bom dia na obrigada, yaani habari za asubuhi na asante, basi.

Zahanati waliyofanyia kazi ilikuwa Quitunda, kijiji kipya cha nyumba za matofali, zote sura moja, walikohamishiwa watu wa vijiji vya ufukweni ili ardhi yao ijengwe mitambo. Watu walikuja na maumivu ya vichwa na viuno, na usingizi uliowakimbia tangu wahame. Daktari wa kigeni alipomaliza mkataba wake, Latifa akiwa ameshaokota Kireno cha kutosha kazini, akaja Dona Albertina, nesi wa siku nyingi kutoka Nampula, mwenye Kireno na Kimakua, na Kiswahili cha kusalimia tu. Kuanzia asubuhi mpaka saa tisa Latifa alisimama kati ya watu wawili, akipokea maneno huku na kuyapeleka kule. Kazi hiyo haina jasho, lakini inachosha kuliko kulima. Ikifika adhuhuri, ulimi umekuwa mzito mdomoni.

Saa ya chakula aliingia stoo ya dawa, akakaa juu ya boksi la vyandarua, na kufungua kitabu cha uuguzi cha Kireno alichokidurufu Palma. Alikula muhogo kwa mkono mmoja, mwingine ukifuata mistari. Mara nyingi aliamshwa na sauti ya Albertina ikimwita, kitabu kikiwa kifuani na ukurasa ule ule alioanza nao. Hakuwa amemwambia Albertina anasomea nini. Aliona haya kujiita nesi mbele ya nesi, na hali haruhusiwi hata kumfunga mtu bandeji.

Mwaka haujaisha, akaenda Pemba. Kwa hofu ya kuvamiwa njiani, magari yalikwenda kwa msafara na askari mbele, safari ya siku nzima. Mtihani wa kuandika aliuweza. Wa kujibu kwa mdomo ndio uliomwangusha. Walikaa watu watatu mezani, na mmoja akamwuliza: mtoto wa miaka miwili yuko constipado siku ya tatu sasa, utamshauri nini mama yake? Latifa akafurahi, maana Kiingereza alichosomea kina neno linalofanana sana na hilo, na maana yake ni kufunga choo. Akajibu kwa kujiamini: mapapai, maji mengi, na mtoto akandwe tumbo. Wale watatu wakatazamana. Mmoja akainamisha uso kwenye karatasi zake. Nje ya mlango ndipo mtahiniwa mwenzake alipomwambia kwamba kwa Kireno neno lile ni mafua.

Alirudi Quitunda na barua ya kufeli. Wiki ile hakufungua kitabu. Alilala, akaamka, akatafsiri vichwa na viuno, akalala tena. Mama yake alipopiga simu kuuliza hali, alijibu kwamba ni nzuri, akasingizia mtandao mbaya akakata.

Akiwa katika uchovu huo, asubuhi moja akaingia Alima. Alikuwa mwanamke mdogo, mimba yake ya kwanza, mwezi wa saba. Zamani alikuwa akiokota chaza mwambani maji yakikupwa. Sasa bahari iko mbali na alikuwa akishinda ndani. Alisema kichwa kinamuuma siku tatu, basi. Albertina akauliza homa, Latifa akauliza homa, hakuna. Akampima malaria, hakuna. Kipimo cha presha kilikuwa kimeazimwa na watu wa chanjo upande wa pili wa kijiji. Albertina akaanza kuandika dawa ya maumivu.

Latifa alikuwa akitazama vidole vya Alima. Pete ilikuwa imezama nyamani. Akatazama uso, umejaa, na macho yamekuwa membamba. Mkalimani husema aliloambiwa. Yeye akainama kidogo na kuuliza kwa sauti ile ile ya kutafsiri, "Dadangu, machoni unaona vimulimuli?"

"Tangu jana, dada," Alima akasema. "Nilidhani ni njaa."

Latifa akamgeukia Albertina na kumwambia kwa Kireno kwamba mama huyu analalamika anaona vimulimuli, na vidole vimemvimba. Kalamu ikasimama. Albertina akatuma mtu akimbilie kipimo, na kilipofika, presha ilikuwa ya kutisha. Gari likamchukua Alima kwenda hospitali kabla ya adhuhuri. Habari zilikuja siku ya nne: amejifungua kabla ya wakati, mtoto ni mdogo mno, lakini mama na mwana wako hai.

Ila jioni ya siku ile aliyopelekwa Alima, wagonjwa walipokwisha, Albertina alifunga mlango.

"Mana Latifa," akasema, yaani dada Latifa, "yule mama hakulalamika. Wewe ulimwuliza."

Latifa akakubali. Akamweleza yote: Mtwara, leseni, kibali, Pemba. Alisema anajua amekosea, na kama Senhor Arsénio ni wa kuambiwa, basi aambiwe.

Albertina akavuta kiti, akaketi. "Huenda umemwokoa mtu, sikatai. Lakini ukiweka maneno yako kwenye mdomo wa mgonjwa, mimi namtibu nani? Siku nyingine niambie kwamba wewe ndiye uliyeuliza. Nitakusikiliza." Kisha akauliza mtihani ulimshinda wapi. Latifa akamsimulia mapapai na kukanda tumbo. Yule mama wa Nampula alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, na Latifa naye, kwa mara ya kwanza tangu Pemba, akacheka.

Kuanzia kesho yake, saa ya chakula walikaa wawili stoo. Albertina aliuliza kama wale watatu wa mezani, akamsahihisha bila huruma, na Latifa akijibu nusu usingizini. Hakumpenda sana mwalimu huyu siku zile. Lakini miezi mitano baadaye alikwenda tena Pemba na msafara, akarudi amefaulu.

Alidhani safari imekwisha. Arsénio akampongeza, akamkalisha, akamweleza kwamba kibali cha mkalimani hakigeuzwi kuwa cha nesi. Lazima kile kifutwe, atoke nchini, na kipya kiombwe akiwa kwao. Latifa hakubishana. Alikunja nguo zake, akavuka kurudi Mtwara, na siku mbili za kwanza mama yake alimwamsha kwa chakula tu. Akangoja miezi sita. Majirani walipomwuliza kama amefukuzwa, alichoka kueleza, akawa anasema yuko likizo.

Kibali kilitoka. Kilisema enfermeira, yaani nesi, na onyo chini yake lilikuwa lile lile. Alipofika Quitunda, Albertina alimpa koti jeupe na orodha ya zamu, akamwambia kwa unyonge kidogo kwamba nafasi ya mkalimani imefutwa, kwa vile sasa zahanati ina nesi anayejua Kiswahili.

Kwenye benchi nje walikuwa wameketi watu kumi na tisa. Latifa akavaa koti, akanawa mikono, na kumwita wa kwanza. Kutoka chumba cha pili Albertina alikuwa tayari anamwita aje amtafsirie.